Mifereji ya Mirihi: Historia ya Neno Moja na Picha Zilizolipima

Miongoni mwa nyota zisizotulia mahali pamoja, ambazo Waswahili wameziita sayari kwa neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kwenda, Mirihi imejulikana tangu zama za kale kwa wekundu wake. Jina lake nalo limetoka katika Kiarabu, lugha ile ile iliyowapa Waswahili majina ya Zuhura, Utaridi, Mushtarii na Zuhali. Kwa macho matupu Mirihi ni nukta ya mwanga. Kwa darubini ya kadiri ni kisahani kidogo chenye mawaa meusi na doa jeupe katika ncha yake. Habari nyingi zilizoandikwa juu ya sura ya sayari hii kabla ya mwaka wa 1965 zilitokana na kisahani hicho, kinachotetemeka machoni kwa sababu ya hewa ya dunia inayopita kati yake na mtazamaji. Baada ya mwaka huo habari zilianza kutokana na picha zilizopigwa na vyombo vilivyorushwa kutoka duniani, vikaikaribia sayari, vikaizunguka, na hatimaye vikatua juu yake.

Historia ya picha hizo husimuliwa mara nyingi kama historia ya mitambo. Ndani yake mna historia nyingine iwahusuyo zaidi wanafunzi wa lugha, nayo ni historia ya neno moja la Kitaliano, lililofasiriwa kwa haraka, likajenga ulimwengu mzima wa watu wasiokuwapo, na ubomoaji wake ukachukua karibu miaka mia. Haifai kuihesabu habari hii kuwa kichekesho cha watu wa zamani. Shida iliyowapata wanafalaki wale ndiyo impatayo kila mfasiri na kila mtunga istilahi, na picha zenyewe, pamoja na ubora wake wote, hazikuiondoa kabisa.

Neno canali

Katika mwezi wa Septemba mwaka wa 1877 Mirihi ilikuwa karibu sana na dunia. Giovanni Schiaparelli, mkuu wa jumba la kutazamia nyota la Brera katika mji wa Milano, aliitazama usiku baada ya usiku kwa darubini yenye kioo cha upana wa sentimeta 22 hivi, akachora ramani iliyopita ramani zote zilizotangulia kwa wingi wa mambo yake. Alifuata ada ya wanafalaki ya kuyaita mawaa meusi bahari, na mahali penye mwanga nchi kavu. Juu ya nchi kavu hizo aliona mistari myembamba ya rangi nzito, iliyotoka bahari hata bahari. Mistari hiyo akaiita canali, na mingine akaipa majina ya mito ya kale: Ganges, Indus, Euphrates, Nilus. Neno lenyewe hakulibuni yeye. Padre Angelo Secchi wa Roma alikuwa amelitumia katika kueleza Mirihi tangu mwaka wa 1858.

Katika Kitaliano neno canale lina maana pana. Wataliano husema Canale di Suez, yaani njia ya maji iliyochimbwa kwa mikono na mashine ikafunguliwa mwaka wa 1869. Na kwa neno lilo hilo husema Canale d'Otranto, yaani mlango wa bahari ulio baina ya nchi yao na Albania, ambao hapana mtu aliyeuchimba. Kifaransa nacho ni vivyo hivyo. Bahari iliyo baina ya Msumbiji na Bukini, ijulikanayo sana na mabaharia wa pwani ya Afrika ya Mashariki, Wafaransa huiita Canal du Mozambique, na hapana Mfaransa adhaniaye kwamba ilichimbwa.

Lugha ya Kiingereza imeyagawa mambo haya kwa maneno mawili. Channel ni njia ya maji ya namna yoyote, na hasa ile ya maumbile. Canal ni ile iliyochimbwa na binadamu. Kwa hiyo mfasiri wa Kiingereza hakuweza kulichukua neno la Schiaparelli jinsi lilivyo. Sharti achague, na kila uchaguzi ulikuwa na madai ndani yake ambayo hayakuwamo katika Kitaliano. Walioandika kwa Kiingereza walichagua canal, na neno hilo ndilo lililoenea. Kwa uchaguzi huo mistari ikapata mchimbaji kabla hajatafutwa.

Katika jambo hili Kiswahili chasimama upande wa Kiingereza. Mfereji kwa asili ni njia ya maji iliyofanywa na mtu: kuna mifereji ya kumwagilia mashamba, kuna Mfereji wa Suez, na kwa watu wengi wa Kenya hata bomba la maji nyumbani huitwa mfereji. Maji yaendayo kwa nguvu zake yenyewe yana maneno mengine: mto, kijito, mkondo, na njia ya bahari ipitayo kati ya nchi na nchi au kati ya mwamba na mwamba ni mlango. Mfasiri wa Kiswahili aandikapo "mifereji ya Mirihi" amekwisha kutoa hukumu kwamba yuko aliyechimba. Akiandika "mikondo ya Mirihi" amehukumu kwamba maji yamepita. Neno lisilodai zaidi ya lile lililoonwa ni "mistari", na kwa bahati mbaya neno hilo la adabu ndilo ambalo halikupendeza masikioni mwa watu.

Jengo la Lowell

Schiaparelli mwenyewe hakukata shauri. Alipoandika juu ya jambo hili mwaka wa 1893 alieleza mistari kwa njia za maumbile, lakini juu ya dhana ya kuwa imefanywa na viumbe wenye akili alisema kwamba hatashindana nayo, kwa kuwa haina jambo lisilowezekana. Mwingine ndiye aliyelichukua neno akalijengea nyumba. Percival Lowell, mtu wa ukoo wa kitajiri wa Boston, alijenga jumba la kutazamia nyota huko Flagstaff, katika Arizona, mwaka wa 1894, akaandika vitabu vitatu juu ya Mirihi, vilivyotoka mwaka wa 1895, 1906 na 1908.

Hoja ya Lowell ilipangwa vizuri. Alisema kwamba Mirihi inakauka. Maji yaliyosalia yamo katika barafu za ncha mbili. Watu wa huko, kwa kuikimbia kiu, wamechimba mifereji ili barafu inapoyeyuka maji yafike katika nchi za joto. Kwa kuwa mfereji wenyewe ni mwembamba mno hata usiweze kuonekana kutoka duniani, kinachoonekana, kwa maneno yake, ni mimea iliyoota kandokando. Kila jiwe katika jengo hili lilikaa sawasawa juu ya jiwe la chini yake. Kasoro ilikuwa katika msingi, maana kila kitu kilitegemea kuwapo kwa mistari iliyonyoka. Wasomaji wake waliishi katika zama za Suez na Panama, zama ambazo kuchimba mfereji mrefu kulikuwa alama ya ustaarabu, kwa hiyo hawakuona ajabu watu wa Mirihi kufanya vivyo hivyo.

Wapinzani hawakukosekana. Mwaka wa 1903 Walter Maunder na J. E. Evans, wa Uingereza, waliwaweka wanafunzi wa shule mbele ya picha ya kisahani iliyotiwa nukta na mawaa yasiyo na utaratibu, wakawaambia wachore walichokiona. Waliokaa kwa mbali walichora mistari, na mistari haikuwamo. Jicho likishindwa kuzitenga nukta huziunganisha. Mwaka wa 1907 Alfred Russel Wallace, mwanachuoni wa elimu ya viumbe, alitoa kitabu kizima cha kumpinga Lowell, akionyesha kwamba sayari ile ni ya baridi kali na hewa haba. Mwaka wa 1909 Eugène Antoniadi aliitazama Mirihi kwa darubini kubwa ya Meudon, karibu na Paris, yenye kioo cha sentimeta 83. Hewa ilipotulia, mistari ikatoweka, na mahali pake pakaonekana madoa mengi madogo yasiyo na mpango.

Wafuasi wa Lowell walikuwa na jibu: kamera. Mwaka wa 1905 Carl Lampland alipiga picha za Mirihi kwa darubini ya Flagstaff, ikatangazwa kwamba mifereji imenaswa. Walakini kila picha ilikuwa ndogo kiasi cha ukucha wa kidole, na ilipopigwa chapa vitabuni mistari haikutokea. Walioamini waliziangalia zile za asili wakaona mifereji. Wasioamini waliziangalia zizo hizo wasione kitu. Basi picha za kwanza kuitwa mahakamani zilitoa ushahidi kwa kila upande kama upande ulivyotaka.

Picha iliyotoka katika tarakimu

Tarehe 28 Novemba, 1964, Marekani ilirusha chombo kiitwacho Mariner 4. Baada ya safari ya miezi saba na nusu kilipita kando ya Mirihi usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai, 1965, kwa umbali wa kilometa 9,846 hivi. Kamera yake ya televisheni ilipiga picha 21, pamoja na sehemu ya picha ya 22.

Namna ya kuzipata picha hizo yafaa ielezwe, kwa sababu hapo ndipo maana ya neno picha ilipobadilika. Hapakuwa na filamu ya kurudishwa duniani kusafishwa. Kila picha iligawanywa katika mistari 200, na kila mstari katika nukta 200, na kila nukta ikapewa tarakimu moja kati ya 64 kwa kadiri ya mwanga wake. Tarakimu hizo ziliwekwa katika ukanda wa sumaku, kisha zikapelekwa duniani kwa mawimbi ya redio pole pole sana, hata picha moja ikachukua saa nane kufika. Katika maabara ya Jet Propulsion Laboratory, huko Pasadena katika California, mafundi hawakuwa na hakika kwamba ule ukanda umefanya kazi yake, wala hawakuweza kungoja mashine iwatengenezee picha. Walizichukua karatasi ndefu zilizopigwa chapa tarakimu, wakazibandika ukutani ubavu kwa ubavu, wakaanza kuzipaka chaki za rangi kwa mkono: rangi moja kwa tarakimu kubwa, nyingine kwa ndogo. Hivyo sura ya kwanza ya Mirihi kutoka karibu ilitokea ukutani, katika mchoro uliopakwa kwa mkono kwa kufuata hesabu. Karatasi hizo zimehifadhiwa katika maabara hiyo.

Picha zilipokamilika, mifereji haikuwapo. Badala yake palionekana mashimo mapana ya mviringo zaidi ya 70, kama yale ya mwezi. Vilevile mawimbi ya redio ya chombo, yalipopita katika hewa ya sayari kabla ya kukatika nyuma yake, yalionyesha kwamba hewa hiyo haifiki sehemu moja katika mia ya uzito wa hewa ya dunia. Katika hewa kama hiyo maji hayawezi kukaa katika mfereji wazi, iwe umechimbwa au haukuchimbwa.

Hapa msamiati ulitikisika mara ya pili. Mashimo yale kwa Kiingereza yaliitwa kwa neno litokalo katika bakuli la Wayunani la kuchanganyia divai. Kwa Kiswahili neno lililoshika ni kasoko, ambalo kwanza ni kinywa cha mlima wa moto. Lakini mashimo ya Mirihi mengi yalitokana na vimondo vilivyoigonga sayari, ilhali shimo la Ngorongoro, mathalan, lilitokea pale mlima wa moto ulipoporomoka ndani yake wenyewe. Mwandishi anenaye kasoko bila kuongeza neno huwafanya wasomaji wafikiri moto mahali palipokuwa na pigo.

Tena watu walikimbilia hukumu. Picha za Mariner 4 zilionyesha sehemu moja tu katika mia ya uso wa sayari, lakini wengi waliandika kwamba Mirihi yote ni maiti, nchi isiyobadilika kama mwezi. Mariner 6 na Mariner 7, zilizopita mwaka wa 1969 zikapiga picha 200 hivi, hazikuivunja dhana hiyo. Kwa bahati njia za vyombo vyote vitatu zilipita mahali palipozeeka pa sayari, penye mashimo mengi. Lowell alikuwa ameona mengi kuliko yaliyokuwapo. Waliokuja baada ya 1965 walisema mengi kuliko waliyoyaona.

Tufani na yaliyofichuka

Tarehe 14 Novemba, 1971, Mariner 9 iliingia katika njia ya kuizunguka Mirihi, nayo ikawa chombo cha kwanza kuizunguka sayari nyingine isiyo dunia. Ilikuta tufani ya vumbi imeifunika sayari yote. Vyombo vya Urusi ya Kisovieti, Mars 2 na Mars 3, vilifika wiki chache baadaye, navyo vilikuwa vimepangiwa kazi yake tangu mwanzo bila nafasi ya kungoja. Sehemu zake za kutua zilishushwa katika tufani ile ile: ya kwanza ilivunjika, ya pili ilitua salama tarehe 2 Desemba, ikatuma ishara kwa muda usiofika nusu dakika, kisha ikanyamaza. Mariner 9 iliweza kupewa amri mpya, basi ikangoja.

Katika ule utando wa vumbi palitokeza madoa manne meusi. Vumbi liliposhuka mwanzoni mwa mwaka wa 1972, ilijulikana kwamba madoa hayo ni vilele vya milima ya moto mirefu ajabu. Mkubwa kupita yote upo mahali ambapo Schiaparelli aliona doa jeupe akapaita Nix Olympica, yaani theluji ya Olimpo. Una urefu wa kilometa 22 hivi kwenda juu, karibu mara nne ya Kilimanjaro, na upana wa kilometa 600. Jina lake likabadilishwa kuwa Olympus Mons: neno la theluji likatoka, neno la mlima likaingia. Upande wa mashariki palionekana bonde lenye urefu wa zaidi ya kilometa 4,000, na kina kifikacho kilometa 7 mahali pengine, likaitwa Valles Marineris kwa jina la chombo kilicholifichua. Hadi kazi yake ilipokoma tarehe 27 Oktoba, 1972, Mariner 9 ilikuwa imeleta picha 7,329.

Jambo lililowashangaza wataalamu zaidi lilikuwa mikondo mikavu. Picha zilionyesha njia zenye kujipinda, zenye matawi yanayokutana kama vijito viingiavyo mtoni, na visiwa vilivyochongwa ncha kwa maji yaliyopita kwa nguvu. Zilikuwa za zamani mno, za mamilioni ya miaka kwa maelfu, na hazikuwa na tone la maji. Hata hivyo ni vigumu kuzieleza bila maji kupita. Basi Mirihi ilikuwa na canali kweli kweli, kwa ile maana ya Kitaliano ambayo wafasiri waliiacha, yaani njia za maji za maumbile.

Walakini si zile za Schiaparelli. Mwaka wa 1975 Carl Sagan na Paul Fox walitoa matokeo ya kuzilinganisha ramani za mifereji na picha za Mariner 9. Mistari michache ilipatana na kitu halisi. Mmojawapo, ulioitwa Agathodaemon, uliangukia lile bonde kubwa la Valles Marineris. Sehemu kubwa ya mistari haikuwa na kitu chochote chini yake. Mikondo mikavu kwa upande wake ni myembamba mno, wala hapana darubini ya mwaka wa 1877 ambayo ingeweza kuionyesha. Neno lilikuwa limepata ukweli wake baada ya kupoteza vitu vilivyoitwa kwalo.

Desturi ya kutoa majina

Wingi wa picha ulileta haja ya utaratibu wa majina, na Umoja wa Kimataifa wa Falaki ndio uliousimamia. Tangu mwaka wa 1973 mabonde makubwa ya Mirihi yamepewa majina ya Mirihi yenyewe kwa lugha mbalimbali za ulimwengu. Kasei ni jina la sayari hiyo kwa Kijapani, Mangala kwa Kisanskriti, Ma'adim kwa Kiebrania, Mawrth kwa Kiwelisi. Kiarabu kimewakilishwa na jina Al-Qahira, lilo sawa na jina la mji wa Kairo, wala si lile la al-Mirrikh ambalo Waswahili walilichukua. Hivyo ramani ya sayari moja imekuwa kama kamusi ndogo ya sayari hiyo.

Busara zaidi imo katika neno la pili la kila jina. Umoja huo ulichagua maneno ya Kilatini yanayotaja umbo bila kutaja sababu. Vallis ni bonde, Mons ni mlima, Planitia ni nchi tambarare. Asemaye Kasei Valles hajasema kwamba maji yalipita, wala kwamba hayakupita. Amesema kwamba pana mabonde. Anayetaka kueleza jinsi yalivyotokea ataeleza katika sentensi nyingine, na akikosea, jina litabaki salama. Desturi hii imetokana na mashaka ya miaka mia, nayo ni jibu la moja kwa moja kwa msiba wa neno canal.

Rangi ya mbingu na uso wa mtu

Tarehe 20 Julai, 1976, chombo cha Marekani kiitwacho Viking 1 kilitua juu ya Mirihi, na katika dakika chache picha ya kwanza ilianza kufika duniani, ikionyesha mguu wa chombo chenyewe juu ya changarawe. Siku ya pili ilipigwa picha ya rangi. Iliyotolewa kwanza kwa magazeti ilikuwa na mbingu ya buluu, kama ya dunia. Wataalamu walipozipima rangi kwa kuzilinganisha na vibao vya rangi vilivyofungwa katika mwili wa chombo, waligundua kwamba mbingu ya Mirihi ina rangi ya udongo mwekundu hafifu, kwa sababu ya vumbi jembamba lililo hewani. Tarakimu zilizofika zilikuwa sahihi tangu mwanzo; ufasiri wake ndio uliokosea, na ulikosea kwa kuielekea hali iliyozoeleka nyumbani.

Siku tano baada ya hapo, nusu ya chombo kile iliyobaki juu ikiizunguka sayari ilipiga picha ya vilima katika nchi iitwayo Cydonia. Kilima kimoja, chenye upana wa kilometa mbili hivi, kilikuwa na vivuli vilivyofanana na macho, pua na kinywa. Waliotoa picha hiyo walisema wazi kwamba ni mchezo wa mwanga na kivuli. Hata hivyo kwa zaidi ya miaka 20 waliandika watu vitabu juu ya uso uliochongwa na wenyeji wa Mirihi. Tarehe 5 Aprili, 1998, chombo cha Mars Global Surveyor kilikipiga kilima hicho picha kwa kamera bora zaidi. Kikaonekana kilima kilicholiwa na upepo na wakati. Mtu wa Flagstaff na mtu wa Cydonia walitofautiana kwa miaka 80, lakini walifanya jambo moja: waliuliza nani amefanya, kabla ya kuuliza kama kuna kilichofanywa.

Mistari iliyorudi

Ingedhaniwa kwamba kamera zikiwa bora kabisa, mashaka haya yangekoma. Mwezi wa Machi, 2006, chombo cha Mars Reconnaissance Orbiter kilianza kuizunguka Mirihi kikiwa na kamera yenye kioo cha upana wa nusu meta, iwezayo kutenga vitu vya ukubwa wa meza. Mwaka wa 2011 picha zake zilionyesha jambo jipya: mistari myembamba ya rangi nzito, katika miteremko mikali, itokeayo wakati wa joto, ikarefuka, kisha ikafifia wakati wa baridi na kurudi mwaka unaofuata. Mwaka wa 2015 ilitangazwa kwamba katika baadhi ya miteremko hiyo kumeonekana dalili za chumvi zilizoshika maji, na magazeti ya dunia yakaandika kwamba maji yanatiririka Mirihi. Mwaka wa 2017 wataalamu wengine walionyesha kwamba mistari hiyo huishia palipo na mteremko ule ule ambao mchanga mkavu huacha kuporomoka, wakasema kwamba huenda ni mchanga tu.

Safari hii palikuwa na tofauti. Mistari ipo, hapana aikanaye. Tena wataalamu waliipa jina refu lisilopendeza, lenye maana ya mistari ya miteremko irudiayo, ambalo halina maji wala mchanga ndani yake. Kwa sababu hiyo hoja ya maji ilipodhoofika hapakuwa na haja ya kubadili jina wala ya kuona haya. Elimu ilikuwa imejifunza adabu ya neno "mistari", lile lile ambalo watu wa 1877 waliliona dogo mno.

Na yako majina yaliyobahatika. Katika picha za sayari ile kuna shimo lenye upana wa kilometa 45 hivi, ambamo wataalamu waliona umbo la udongo ulioenea kama kiganja, mfano wa udongo ambao mto huuacha uingiapo katika ziwa. Mwaka wa 2007 shimo hilo lilipewa jina la Jezero, kwa kufuata mji mdogo wa Bosnia. Na neno hilo katika lugha ya huko maana yake ni ziwa. Tarehe 18 Februari, 2021, gari lisilo na dereva liitwalo Perseverance lilitua humo. Picha zake zilionyesha, katika kingo za udongo ule, matabaka yaliyolala kama yanavyolala yale yawekwayo na mto katika maji yaliyotuama. Hapo neno na kitu vilikutana. Lakini ilibidi gari lishuke likatazame matabaka, ndipo jina liweze kuthibitika.

Waandishi wa Kiswahili wanaoieleza Mirihi wana fursa ambayo wafasiri wa Kiingereza wa karne ya 19 waliipoteza, kwa kuwa lugha yao ina maneno ya kutosha ya kutenga mambo haya. Alichokiona Schiaparelli ni mistari. Alichokidhania Lowell ni mifereji, na neno hilo libaki katika historia yake. Zilizoonyeshwa na Mariner 9 ni njia kavu zinazopindana kama mito, na huko mkondo ni neno la haki, maadamu hoja ya maji imekwisha kutolewa na kupimwa. Maneno haya matatu yakichanganywa katika kitabu cha shule, mtoto atakayekisoma ataanza pale pale alipoanzia Lowell, hata kama mbele yake zimewekwa picha bora kuliko zote zilizopata kupigwa.